Gunia Lililolia

Dahir hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu mbaya akifanya ubaya tunasema, "Si ndiyo kawaida yake?" tunaendelea na chai yetu. Huyu alikuwa mtu wa kulisha watu. Lango la nyumba yake pale Bulla Pesa halikufungwa wakati wa chakula, na chumba cha karibu na lango hilo alikuwa amempa Bile, kaka mkubwa wa mkewe Raho. Bile alikaa humo miaka bila kuulizwa kodi wala siku ya kuondoka. Sasa mtu kama huyo akifanya la aibu, unaanzia wapi kumlaumu?

Bile alikuwa mpiga kaban. Kaban ni udi ule wa nyuzi, tumbo lake kama boga lililopasuliwa nusu, na ubao wake wa juu ni mwembamba hata ukiugonga kwa ukucha unaitika. Zamani harusi ya Isiolo haikuitwa harusi mpaka Bile afike. Kisha zikaja kaseti, yakaja mawaidha, na Dahir akaenda Makka akarudi Haji. Tangu hapo, kila akitaka kupiga, Bile alitia kitambaa chini ya nyuzi ili sauti isivuke ukuta wa jirani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mgeni mwenye akili haambiwi. Watoto wa mtaa hawakujua hata jina lake. Kwao yeye alikuwa "shemeji ya Haji" tu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwita Dahir kwa cheo hicho. Alimwita shemeji, kama zamani, na Dahir alipenda hivyo.

Kwa hiyo habari ilipofika kutoka Wajir, Raho alipiga kigelegele peke yake jikoni. Dabasso, rafiki wa Bile tangu ujana, alikuwa anaoza binti yake wa mwisho, naye ameapa kwamba binti hatoki nyumbani bila kaban ya Bile. Mvua ya mwaka ule wa sabini na nane ilikuwa imekata barabara. Lori la Dahir lenyewe lilikuwa limelala uani na tope la njia ya Modogashe mpaka mlangoni. Dabasso akamlipia rafiki yake kiti kwenye ndege ya miraa, ile ndogo iliyoruka kutoka uwanja wa Isiolo na abiria wawili mbele na magunia nyuma.

"Aboowe, wewe utapanda ndege?" Raho alimuuliza. Aboowe ndivyo dada wa Kisomali anavyomwita kaka yake mkubwa.

"Hata kwa ungo ningeenda," Bile akasema.

Raho akatoa sandukuni kitambaa chekundu alichovaa siku ya harusi yake mwenyewe, akakikata bila huruma, akaishonea kaban mfuko. Jioni hiyo Bile alichomoa kile kitambaa chake chini ya nyuzi akapiga wimbo mmoja mzima kwa sauti yake yote. Dahir alikuwa barazani na kikombe cha chai. Wimbo aliupenda, mguu wake ukaanza kuucheza wenyewe. Kisha akatazama ukuta wa jirani, akauzuia mguu.

*

Siku iliyotangulia safari, baada ya swala ya alasiri, Mzee Shire wa kamati ya msikiti alimshika Dahir mkono akamvuta kando.

"Haji, sheikh wetu anarudi Wajir kesho kwa ndege. Kamati yote tutamsindikiza uwanjani. Na wewe uwe karibu yangu, watu wakuone. Ijumaa ya wiki ijayo tunatangaza mweka hazina."

"Insha'Allah," Dahir alisema.

Sheikh huyo alikuwa mgeni wa mji siku chache tu, na mawaidha yake yote yalikuwa juu ya muziki, nyuzi na zumari na wale wanaozifuga nyumbani. Dahir alikaa safu ya mbele akitikisa kichwa kukubali kuliko wote. Na sasa ndege ni moja! Sheikh na kaban ndani ya ndege moja, kamati imesimama chini ya bawa, na shemeji yake anapita katikati yao na lile tumbo kubwa jekundu mkononi. Alijiona amesimama pale uwanjani. Akaona haya kabla haya yenyewe hayajafika.

Alipofika nyumbani akajaribu njia ya mbali. "Bile, huko Wajir si wako na kaban zao? Kwa nini ujisumbue kubeba?"

Bile akacheka. "Shemeji, mimi wananiitia hii. Bila hii mimi ni mzee mmoja na shati yake."

"Ndege inarusharusha mizigo."

"Nitaipakata."

"Hawakubali kupakata," Dahir alisema haraka. Hakuwa na hakika kama wanakubali au la. "Mzigo wote unawekwa nyuma. Wacha basi niipeleke mimi mwenyewe kesho mapema, nisimamie wakiipakia. Mimi mizigo ndiyo kazi yangu."

Bile akamshika mkono wake kwa mikono yote miwili, macho yakamlowa. "Wewe ni zaidi ya ndugu," akasema. Ebo! Mtu unamwongopea, na yeye anakushukuru. Dahir aliutoa mkono wake polepole akasema anakwenda kuangalia lori.

Asubuhi, Bile akiwa bado anaoga, Dahir alipita nyuma ya vibanda vya miraa akaokota majani ya ndizi ya jana, yale ambayo wafanyabiashara wanafungia miraa na kuyatupa. Akajifungia kwenye kibanda cha vipuri. Kaban ikiwa ndani ya mfuko wake mwekundu, akaizungushia majani, akaitia kwenye gunia, akajaza majani mengine juu na pembeni mpaka umbo likapotea, akashona mdomo kwa kamba. Alipomaliza akarudi nyuma hatua kidogo kutazama. Gunia la miraa kabisa! Hata mtu wa Maua, kule miraa inakolimwa, asingelitambua. Na Mungu amsamehe, alijisifu kwa kazi ile.

Alilipeleka uwanjani akaliweka kwenye rundo la magunia ya Kaimenyi, Mmeru aliyekuwa akipeleka miraa Wajir. Kaimenyi alikuwa hajafika, na vibarua hawakumuuliza. Nani amuulize Haji Dahir?

*

Ndege ilipokuwa tayari, jua lilikuwa limepanda na uwanja umejaa kanzu nyeupe. Bile alifika kwa miguu, shati limepigwa pasi, kofia mpya kichwani.

"Iko wapi?" alinong'ona.

"Iko ndani. Nimeisimamia mwenyewe."

Haikuwa ndani. Ilikuwa chini, nyuma ya bawa, kwenye rundo na wenzake, ikingoja maji. Maana miraa, kama hujui, haipendi jua. Kabla ya kupakiwa, kila gunia linafunguliwa kidogo na kumwagiwa kopo la maji ili majani yasinyauke, na hivyo inafika Wajir ingali mbichi. Kazi hiyo ilikuwa ya Akiru, mama wa Kiturkana aliyechota maji yake kwa ndoo tangu alfajiri. Dahir aliyajua hayo yote. Amebeba mizigo maisha yake yote. Lakini akili yote aliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa imekwenda kwenye kuficha, haikubaki hata ya kukumbuka maji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wahenga hawakumjua Dahir.

Bile akapanda, akafungwa mkanda, mlango wa nyuma ungali wazi. Sheikh alikuwa bado chini akiagana na wazee. Mzee Shire akamsukuma Dahir mbele. "Sheikh, huyu ndiye yule niliyekuambia."

"Mashallah," sheikh akasema, akamshika mkono.

Hapo hapo kibarua mmoja akanyanyua gunia, akaona ni jepesi, akalitupa karibu na ndoo ya Akiru. Gunia likalia. Ndiyo, lililia: sauti nzito ya nyuzi, mmm, ikatetemeka ndani ya majani na kukawia kuisha. Sheikh akageuza kichwa.

Dahir akakohoa. Akakohoa kwa nguvu, ameinama, mkono kifuani, mpaka ile sauti ikafa.

"Pole na kikohozi, Haji," sheikh akasema.

"Ni vumbi, sheikh."

Vumbi gani, na mvua ilinyesha jana? Lakini wazee ni watu wa heshima. Wakasema pole, pole.

Akiru hakusikia kitu. Alikuwa akipita kwenye magunia, anatia kidole, anapanua, anamwaga, anasonga mbele. Dahir alimwona akilifikia lile gunia. Akamwona akitia kidole kwenye mshono na kuvuta jani moja nje. Lilikuwa limekauka, maana ni la jana.

"Hii maskini imekauka kabisa," mama yule akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mtoto. Akamwaga kopo moja. Akafikiri kidogo, akachota tena, akamwaga la pili.

Dahir alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini: mama, hiyo si miraa. Angelisema, basi. Wazee wangeshangaa, sheikh angekunja uso, mtaa ungecheka mpaka Ijumaa, na kaban ingepona. Mkono wa Mzee Shire ulikuwa begani mwake. Akafunga mdomo. Gunia likaingizwa ndani likichuruzika maji, na magunia mengine mazito yakapangwa juu yake. Wazee wakainua mikono kuomba dua ya safari njema, na Dahir akaitikia amina.

*

Bile alirudi baada ya wiki, kwa ndege ile ile. Aliweka mfuko mwekundu mezani mbele ya dada yake. Raho akaufungua. Gundi yote ilikuwa imeyeyuka. Ubao wa juu ulikuwa umebanduka na kupinda kama chapati iliyoachwa juani, mbavu za tumbo zimeachana moja moja, na kitambaa cha harusi kimeingia madoa ya kijani.

"Aboowe! Ni nini hii?"

"Maji ya miraa," Bile akasema. "Iliingia maji."

"Sasa huko harusini ulipiga nini?"

"Walinipa debe." Alikuwa akitazama mikono yake. "Dabasso aliona haya kwa ajili yangu. Akasema, basi mpeni hata debe. Nikapiga debe pamoja na akina mama."

Dahir alikuwa amesimama mlangoni akingoja. Gunia limefunguliwa mbele ya macho ya Bile, ameyaona majani, hakuna namna asijue. Alingoja atukanwe. Wallahi, alitamani atukanwe. Bile aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda chumbani kwake. Wakati wa chakula akala, akashukuru, hakusema. Kesho yake vivyo hivyo. Kila neno ambalo Bile hakulisema, Dahir alilisikia.

Aliyesema ni Raho. Alijifunga mtandio akaenda mpaka sokoni kwa Kaimenyi, akasimama mbele ya wateja. "Nyinyi ni watu ama ni nini? Kaban ya kaka yangu mnamwagia maji kama mboga?"

"Mama, tulia. Mimi sijaona kaban yoyote."

"Hujaona kwa sababu huangalii! Jina la kaka yangu umeliua, na wewe unahesabu vifungu vya miraa!"

Watu wakajaa. Kaimenyi, mfanyabiashara anayeishi kwa jina lake zuri pale sokoni, akamwita Akiru mbele ya watu wote akamwambia asirudi tena na ndoo yake. Raho akarudi nyumbani akamweleza mumewe yote, bado anahema. Dahir alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umefanya vizuri." Kisha akatoka nje akakaa ndani ya lori lililozimwa, mikono juu ya usukani, mpaka adhana ikamtoa.

*

Alhamisi kamati ilikuja nyumbani kumpa Dahir habari njema. Mzee Shire na wenzake wawili waliketi kwenye mkeka, Raho akapika chai ya maziwa na iliki, Bile akakaa karibu na mlango kama kawaida yake. Ufunguo wa sanduku la msikiti ulikuwa tayari mbele ya Dahir juu ya kitambaa cheupe, ndipo mtu akabisha hodi mlangoni.

Ni Akiru. Alikuwa ameshika kuku mmoja miguu, kichwa chini. Hakutaka kuingia, akasimama palepale penye mlango.

"Mama Haji," akasema, "mimi nimekuja kuomba msamaha. Mimi nina watoto. Sikujua ni kitu ya kuimba. Niliona gunia iko na majani ya ndizi. Nikafungua, majani tu. Nikasema hii ni miraa, imekauka, nikaiongezea maji. Mungu anajua mimi niliihurumia."

Raho alikuwa na birika mkononi. "Majani ya ndizi?" akauliza. "Mimi niliiweka kwa mfuko nyekundu. Majani yalitoka wapi?"

Mzee Shire akamtazama Raho, akamtazama Dahir. "Nani aliifunga hiyo kitu kama miraa?"

Dahir akainua kichwa. Hii hapa, mara ya pili, mlango umefunguliwa wenyewe na mtu wa kupita ni yeye. Ulimi ulikuwa mzito kama umeshonwa kwa kamba ya gunia.

"Ni mimi," Bile akasema.

Wote wakageuka.

"Nilisikia sheikh yuko kwa ndege, nikaona haya. Nikaifunga ifanane na miraa. Huyu mama hana makosa."

"Astaghfirullah!" Mzee Shire akasema. "Mzee mzima! Unamletea shemeji yako uchafu huo nyumbani, unauficha kwa mali ya watu, halafu mwanamke maskini anafukuzwa kazi? Mtu anakulisha, na wewe unamlipa hivi?"

"Ni kweli," Bile akasema.

"Haji amekuvumilia sana."

"Amenivumilia. Ni kweli."

"Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini jiheshimu."

Raho alijua kaka yake alikuwa bafuni asubuhi ile. Yeye ndiye aliyempelekea maji ya moto. Alijua ni nani aliyetoka na mfuko mwekundu. Akainua birika, akammiminia chai Mzee Shire, akawamiminia wenzake, akammiminia Bile, akammiminia hata Akiru kikombe kizima na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kikombe cha Dahir akakiruka, akaenda jikoni. Wazee walijifanya hawakuona. Dahir aliutazama ule ufunguo juu ya kitambaa, na kwa kuwa wote walikuwa wakingoja, akauchukua.

*

Bile alitoka na Akiru kwenda kwa Kaimenyi, akajieleza huko sokoni mbele ya watu wale wale, na mama akarudishiwa kazi yake. Aliporudi, wazee walikuwa wameshaondoka. Akaingia chumbani, akatoka na mkoba mdogo na mfuko mwekundu kwapani.

"Unakwenda wapi?" Dahir akauliza.

"Kaimenyi anataka mlinzi wa stoo. Kuna kitanda."

"Stoo ya miraa?" Dahir akashtuka. "Bile, watu watasema nini?"

Neno likishatoka halirudi. Dahir mwenyewe alilisikia likitua chini katikati yao. Bile aliweka mkoba chini.

"Nikuambie kitu, shemeji. Siku ile nilikuwa nimekaa ndani ya ndege, mlango uko wazi. Nikasikia kaban yangu inalia. Mimi naijua hiyo sauti kuliko ya mama yangu. Nikasema, lo, kumbe iko nje. Halafu nikakusikia wewe unakohoa. Nikajua uko karibu nayo, nikatulia. Halafu nikasikia maji."

Dahir hakuweza kumtazama.

"Ningepiga kelele," Bile akasema. "Mdomo ninao. Lakini niliwasikia wazee, nikamsikia sheikh. Nikaelewa umefanya nini na kwa nini. Nikajiambia, huyu amenilisha, sitamvua nguo mbele ya watu. Atasema mwenyewe. Kopo la kwanza, nikangoja useme. La pili, nikangoja. Mpaka mlango ukafungwa nilikuwa bado nangoja. Kule Wajir walipopasua gunia, vijana waliyarukia majani kutafuta miraa. Wakanicheka kwamba nimekuja harusini na majani makavu. Hata leo mbele ya Mzee Shire nilingoja kidogo kabla sijasema. Hukuniona nikingoja?"

Jikoni hapakuwa na sauti ya chombo. Raho alikuwa amesimama akisikiliza.

Dahir alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, yote, tangu la majani mpaka la ufunguo uliokuwa mfukoni mwake ukimchoma paja. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema kaa, na kesho Ijumaa nitasimama mbele ya msikiti mzima. Yakapanda mpaka kooni, yakasongamana pale. Kikamtoka kikohozi.

Bile akaokota mkoba wake, akafika langoni, akasimama bila kugeuka.

"Pole na kikohozi, Haji," akasema, akatoka.